Thelathini Elfu na Thelathini na Moja

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kasingirima, na kushuku ndio ugonjwa wangu. Mwanafunzi akipata sifuri namwonea huruma; akipata yote, naanza kuangalia mifuko yake.

Kila mwaka nilikuwa nawafundisha kidato cha pili mchezo mmoja wa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Zidisha mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu, kisha ongeza moja. Unapata 30,031. Igawanye kwa yoyote kati ya hizo sita, utabaki na moja. Basi, nilikuwa nawaambia kwa maringo, hiyo nayo ni tasa. Kwenye jaribio niliwataka waeleze kwa nini.

Binti mmoja mgeni, familia yake imetoka Burundi, aliandika mstari mmoja tu: "Si tasa. Ni 59 mara 509."

Nilichukua kikokotoo nikazidisha. Ikatoka 30,031 kamili. Badala ya kuona haya, nikapandwa na hasira. Nani ataifikia hamsini na tisa kwa kichwa chake? Huyu ana simu, na simu shuleni kwetu ni kufukuzwa. Nikalimwaga begi lake mbele ya darasa zima. Simu hakuna. Nyuma ya daftari, hata hivyo, kulijaa mahesabu ya ajabu: namba kubwa kushoto, ndogo kulia, jibu limening'inia chini ya ile ndogo. Dalili ya mvua ni mawingu. Nikajua hiyo ni lugha ya siri ya kuibia mitihani. Nikaanza kuandika barua ya kutaka afukuzwe, na mama yake nikamwita ofisini.

Alikuja moja kwa moja kutoka soko la samaki la Katonga, mikono ikinuka dagaa, akanisalimia kwa adabu. Binti akiwa amesimama pembeni, nilimsukumia mama daftari nikamtaka aniambie ni nini hiki. Akaomba kalamu. Aliandika 30,031 kushoto, 59 kulia, akashuka nayo taratibu mpaka baki likawa sifuri. Baba wa binti, alisema, alikuwa mwalimu Burundi, na huko ndivyo wanavyogawanya. Nyumbani kwao hawajui njia nyingine. Nikayasoma upya yale mahesabu. Binti alikuwa amejaribu kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu, akaendelea na tasa moja baada ya nyingine mpaka hamsini na tisa.

"Na wewe mwalimu, uliishia ngapi?" mama akaniuliza.

"Kumi na tatu," nikasema.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Niliichana barua, nikamwomba binti msamaha. Lakini ofisini tulikuwa watatu tu, na begi nililimwaga mbele ya wote.

Mpaka leo, nikiingia darasani, wenzake husimama kunisalimia. Yeye husimama pia, ila kwanza huliweka begi juu ya dawati na kufungua zipu.