Siku Risiti Alipomfuata Mkewe

Mtu akiingia dukani anatembea kwa raha zake, halafu akatoka anatembea kwa adabu, huyo ana kitu. Hiyo ndiyo elimu aliyokuwa nayo Risiti, na ilimtosha kula na kuvaa. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa duka kubwa, kukagua risiti za wateja, kuchungulia mifuko yao na kuwatakia siku njema huku hamwamini hata mmoja. Wenzake walimpa jina hilo kwa utani, naye akalipenda. Walisema hata mkewe akimpakulia chakula, yeye hudai risiti kwanza.

Utani huo ulikuwa mtamu mpaka figo zake zilipogoma. Madaktari walimwekea mpira mwembamba tumboni, pembeni ya kitovu, wakamfundisha kuingiza maji ya dawa, kuyaacha humo yavute uchafu wa damu, kisha kuyatoa na kuingiza mengine, kila siku ya Mungu. Asubuhi na jioni alibadilisha maji nyumbani, mkewe akimsaidia. Mchana alijifungia stoo ya dukani, akabadilisha peke yake. Chumba cha kulala kikajaa maboksi ya mifuko ya maji hata mlango wa kabati ukawa unafunguka nusu.

Mkewe, ambaye alikuwa msusi na mtu wa maneno, alimwambia sasa ana kitambi cha mkurugenzi. Risiti hakucheka. Alianza kuoga huku amejifungia kwa komeo, na kupanda kitandani na fulana. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: mwili ulikuwa umeacha kumtii. Hamu ilikuja inapotaka, na hata ilipokuja, nguvu hazikufuatana nayo. Mwanamume aliyekuwa akiwashika wezi wenye miraba minne alikuwa akimwogopa mkewe mwenyewe.

Jumapili moja mchana, watoto wakiwa wamekwenda kwa shangazi yao, mkewe alimsogelea akamkumbatia. Wakajaribu. Haikuwa kama zamani, lakini haikuwa bure pia, na baadaye walilala wameshikana mpaka jua likapoa. Kesho yake maji yaliyotoka tumboni yalikuwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Tumbo likamkata, homa ikampanda, akalazwa. Wadudu walikuwa wameingia tumboni. Muuguzi wa kliniki ya figo, jamaa mnene asiyekauka kicheko, aliwauliza wote wawili kama kuna mahali walipokosea. Risiti alijibu upesi kwamba hakuna. Mkewe alitazama sakafu.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mke alikuwa yuleyule lakini mambo yake mapya. Pete ya ndoa hakuivaa tena. Kucha zake, ambazo ndizo zilizokuwa tangazo la saluni, alizikata mpaka karibu na nyama na rangi akaiacha. Alinukia sabuni ambayo haikuwa ya nyumba ile. Kitandani alijibana ukingoni, na Risiti akinyoosha mkono, mara amekumbuka kwamba hakuzima jiko, mara amesikia mtoto akiita. Maji alimbadilishia kama kawaida, barakoa usoni, macho kwenye mpira tu. Akimaliza, huyo, kaondoka.

Risiti alijumlisha. Mwanamke havui pete bure, wala hakati kucha kwa ajili ya mume ambaye hataki hata kumgusa. Isitoshe, kila Alhamisi alifunga saluni mapema, akaenda asikokutaja, na kurudi akinukia ile sabuni kuliko siku nyingine. Alipomuuliza, alijibiwa kwamba ni shughuli za wanawake. Risiti alipekua mkoba wake, akanusa magauni yake, akageuza hata soli za viatu kutafuta udongo wa mtaa mgeni. Hakupata kitu, na hilo likamtia shaka zaidi, maana kwa hesabu yake, asiyeacha alama ni mzoefu. Usiku alijiambia kwamba ile Jumapili mkewe alimpima, akamwona hafai tena, akajitafutia mzima. Iliuma kuliko tumbo lenyewe.

Alhamisi iliyofuata aliomba ruhusa kazini na kumfuata. Mkewe hakwenda nyumba ya wageni wala kwa mtu. Alikwenda hospitali, akapita mabenchi ya wagonjwa wa figo, na mlango wa mwisho ukafunguliwa na yule muuguzi mnene, akimchekea kama mtu aliyekuwa akimsubiri. Mlango ukafungwa. Kumbe ni yeye. Risiti alikumbuka namna jamaa yule alivyomshika mkewe vidole siku za mafunzo, eti anamwonyesha jinsi ya kufungua mfuko, na damu ikamchemka.

Mlango ulikuwa na kioo kidogo. Akachungulia.

Muuguzi alikuwa amekaa mbali, amekunja mikono. Mkewe alikuwa kwenye sinki, akijisugua hadi viwiko, sabuni ikitoa povu. Alisugua, akasuuza, akarudia. Kisha aliiendea meza, na juu ya meza palikuwa na tumbo la bandia, lile ambalo wanafunzi hujifunzia. Alishika bomba lake kwa ncha za vidole, akalisafisha taratibu, akaweka kiganja juu ya tumbo lile na kukiacha hapo kidogo. Risiti, aliyewahi kutoa nyama ya kopo kwenye suruali ya mchungaji, alijikuta akilionea wivu tumbo la plastiki.

Akasukuma mlango. "Kumbe huku ndiko unakokuja kushika matumbo."

Muuguzi alianza kucheka, akaona nyuso zao, akaacha. Alisema mama anakuja kila wiki tangu mumewe atoke wodini. Anadai kwamba hakunawa vizuri, kwamba pete na kucha zilificha wadudu, na ingawa amemwambia mara nyingi kwamba anajua kazi kuliko wauguzi wengine, hasikii.

"Si mikono," mkewe alisema. Alikuwa akilia bila sauti. "Ni ile Jumapili. Niliona haya kumwambia muuguzi. Nilikutaka, nikakulalia, na kesho yake ukataka kufa. Sasa nikuguse tena ili nikuzike?"

Hapo Risiti angeweza kumwambia pole, akamshika mkono, wakarudi nyumbani yeye akiwa mtu aliyekosewa. Hakuna ambaye angejua. Alimtazama mkewe, akaiona mikono yake iliyochubuka kwa kusuguliwa.

"Ilikuwa Jumamosi," alisema. "Stoo. Sikunawa."

Akaeleza yote. Duka lilikuwa limefurika, akaitwa kwamba kuna mwizi, akaunganisha mfuko mbio mbio na mikono iliyotoka kupekua mabegi ya watu, bila barakoa, feni ikipeperusha vumbi la maboksi. Alipoulizwa, alikana kwa sababu aliogopa kuambiwa kwamba kazi haimfai tena.

Muuguzi alishusha pumzi. Alisema wadudu hupita hapo hasa. Kitanda cha mume na mke hakina kosa, mradi mpira umebandikwa vizuri usivutwe, na tumbo likiwa zito, maji yatolewe kwanza. Kuhusu nguvu, akasema bila kuulizwa, wagonjwa wengi hupungukiwa nazo, na pengine ni dawa za presha, kwa hiyo amwambie daktari, asikimbilie vidonge vya mtaani. Kisha alidai kwamba ameitwa wodini, ingawa hakuna aliyemwita, akawafungia mlango.

"Fungua shati," mkewe alisema.

Risiti alifungua, mchana kweupe, taa zote zikiwaka.

Mkewe aliweka mkono pembeni ya mpira. Ulikuwa wa baridi na bado umelowa. "Umeniacha nijione muuaji," alisema, "halafu ukanipekua mkoba." Akamfinya, akaminya kwa nguvu zake zote mpaka Risiti akafumba macho.

Vidole vililegea. Mkono haukuondoka. Risiti alisimama akiwa amebana pumzi, akiogopa kwamba akipumua tu, mkewe atauondoa.