Gauni Halina Kosa

Tangazo lilikuwa fupi kuliko yote kwenye ule ukurasa wa kuuza na kununua ambao watu wa Bondeni, huku kusini kabisa mwa Texas, huufungua kabla hata kahawa haijachemka: "Gauni la harusi, mikono ya lesi, mkia mrefu. Limevaliwa mara moja. Kuna doa dogo la mchuzi kwenye pindo, tazama picha ya nne. Ndoa imekwisha. Gauni halina kosa."

Mwenye tangazo alikuwa Nereida Arizpe, dereva wa basi la shule.

Nimesoma matangazo ya namna hiyo katika lugha kadhaa, na karibu yote hudanganya. "Halikunitosha." "Ni la dada yangu." "Tuliishia kufunga ndoa bomani, sikulivaa." Katika mji mmoja wa bandari niliwahi kumwona mwanamke akimuua mumewe kwenye tangazo ili ajiite mjane, na mume mwenyewe yuko chumba cha pili anatazama mpira. Nereida alishauriwa afanye mojawapo ya hayo na kila mwanamke aliyekunywa naye kahawa kwenye gereji ya mabasi asubuhi. Hakuweza. Si kwamba alijidai mtakatifu. Uongo ulikuwa unamchosha tu, kama viatu vya kuazima.

Ukimjua hushangai. Mwaka uliopita basi lake liligonga sanduku la barua la bwana mmoja pembezoni mwa mji, alfajiri, kwenye ukungu, bila mtu kuona. Alimaliza safari, akawashusha watoto, akarudi na gari lake, mfuko wa saruji na ndoo ya maji. Yule bwana alipotoka kuchukua gazeti alimkuta mwanamke amepiga magoti uani kwake anakoroga zege. "Nililiangusha mimi," Nereida alimwambia. "Usiliguse mpaka kesho." Kwenye basi ni vivyo hivyo. Akichelewa huwaambia watoto: "Leo nimelala kama gogo, msimsingizie mwalimu wala mvua." Wanampenda mno, ingawa yeye hawaruhusu kupiga kelele wakati wa kuvuka reli.

Lakini safari hii alikosea.

Bondeni harusi hailipiwi na mtu mmoja. Kila kitu kina mzazi wake: keki ina baba, maua yana mama, muziki una baba, na ole wake atakayemsahau baba wa muziki. Gauni nalo huwa na mama yake. Mama wa gauni ndiye anayelinunua, ndiye anayelifunga vifungo siku yenyewe, na akifunga vile vya mgongoni humwambia bibi harusi mambo ambayo padri hawezi kuyasema. Mama wa gauni la Nereida alikuwa Bi Obdulia Longoria, aliyemshika wakati wa ubatizo, kisha akamlea baada ya mama mzazi kufariki, Nereida akiwa bado hajaanza shule. Bi Obdulia alistaafu kutoka ghala la vitunguu. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha amesimama mbele ya mkanda, akichambua vizima na vilivyooza, macho yakimtoka machozi asiyoyalia. Gauni lile alilinunua jipya, dukani, kwa pesa za vitunguu.

Na Nereida hakumwuliza. Aliona ni zawadi, na zawadi ukishapewa ni yako. Watu wengi duniani wangekubaliana naye. Bondeni hapana.

Tangazo lilipokwenda hewani lilichangamka haraka.

"Bado lipo?" mmoja aliandika.

"Lipo."

"Unaweza kunifikishia Brownsville?"

"Hapana, shoga. Lina mkia, halina magurudumu."

"Pole kwa ndoa, dada. Na bwana je, naye unamuuza?"

"Huyo alishachukuliwa bure."

Watu wakacheka kwa vile vidubwasha vya manjano vya kwenye simu. Kisha, katikati ya vicheko, pakatokea maneno mengine: "Gauni hilo nililinunua mimi. Hakuna aliyeniuliza." Chini yake palikuwa na ua jekundu, kwa sababu kila anachoandika Bi Obdulia kwenye simu hukitia ua. Hakuna aliyecheka tena.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma nyumbani kwa Bi Obdulia, kwa hiyo sikusimuliwa. Nereida alipiga simu. Ililia jikoni, Bi Obdulia akiitazama kama mende. Jioni akaja mwenyewe, bado amevaa fulana ya kazi. Mlango wa ndani ulikuwa wazi, ule wa wavu umefungwa. Bi Obdulia alikaa upande wa pili wa wavu, akimenya maganda ya njugu bila kuinua uso.

"Mama."

Bi Obdulia akapasua njugu nyingine.

"Mama, nimelifuta tangazo."

"Limeshasomwa. Mwenye duka la mikate kalisoma. Padri kalisoma, na padri hana hata mke."

"Sikuuliza. Ilinipasa niulize. Nimekosa."

"Ndoa imekwisha," Bi Obdulia alisema, akiiga sauti ya mtu anayesoma. "Hivyo ndivyo nilivyostahili kujua? Kwenye ukurasa wa kuuzia matairi?"

"Ulijua kwamba Efrén kaondoka."

"Nilijua kaondoka. Wanaume huondoka, hurudi. Sikujua kwamba imekwisha."

Nereida akaweka kiganja kwenye wavu. Sasa, wengi wetu tungeishia pale: tungelia, tungerudisha gauni kabatini, lioze huko na amani irudi. Yeye alikuwa na shida nyingine. Kabla hajalifuta tangazo alikuwa ameshampa neno lake binti mmoja, Yaretzi, ambaye harusi yake ilikuwa mwezi ule ule na hakuwa na kitu cha kuvaa.

"Nimeahidi," alisema. "Jumamosi asubuhi, maegesho ya kituo cha polisi, pale watu wa mtandaoni wanapokutana kukabidhiana vitu. Nitakwenda na gauni. Njoo, Mama. Ukisimama mbele ya yule binti ukasema haliuzwi, haliuzwi. Nitamwomba radhi mimi. Lakini siwezi kumkimbia, na siwezi kuuza ukiwa umenifungia mlango."

"Kwa hiyo unanipa mimi kazi ya kumliza mtoto wa watu."

"Nakupa neno la mwisho. Ni lako."

Bi Obdulia akaendelea kumenya. Nereida akashuka ngazi. Aliponipita uani macho yake yalikuwa mekundu. "Gauni naweza kulichoma moto," aliniambia. "Huyu sina mwingine."

Siku zilizofuata simu haikulia tena jikoni, na Bi Obdulia alipika chakula kingi kisicho na mlaji. Hakutaja jina la Nereida hata mara moja. Jumamosi, jua likiwa limeshaanza kuuma, aligonga dirisha langu. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na hereni.

"Kijana, gari lako lina mafuta?"

"Linayo, Bi."

"Basi usiniulize tunakwenda wapi."

Sikuuliza. Njiani alishika mkoba wake kwa mikono miwili na kusema jambo moja tu, kwamba naendesha kama mtu anayebeba mayai.

Nereida alikuwa ameshafika. Gauni alilitandika kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, limefunikwa shuka. Mbele yake alisimama Yaretzi, msichana mwembamba mwenye unga kwenye viatu, maana alitoka moja kwa moja kwenye zamu ya kuoka mikate, na ubavuni mwake mama mkwe mtarajiwa, mwanamke mnene mwenye miwani ya jua aliyejitambulisha kwa jina la Eudelia. Nereida alituona. Alinyooka, akasema wazi:

"Huyu ni Mama yangu. Yeye ndiye mama wa gauni. Neno la mwisho ni lake."

Bi Obdulia hakusalimu. Alisimama kando, mkoba tumboni, kama hakimu aliyekuja mapema.

Yaretzi alikuwa ameinua pembe ya shuka, anaigusa lesi kwa ncha ya kidole kimoja alichokifuta kwanza. Eudelia hakugusa.

"Kwa nini unauza?" alimwuliza Nereida. "Mume amefariki?"

"Hapana. Tumeachana. Niliandika kwenye tangazo."

"Mtoto huyu kasoma, mimi sikusoma." Akamgeukia Yaretzi. "Umenileta hapa kwa gauni la mtalaka? Unataka kumvalia mwanangu mkosi?"

"Mama, ni gauni tu," Yaretzi alisema, sauti ndogo.

"Gauni tu! Nguo hushika. Nguo ya namna hii imeshaona mlango wa kutokea." Akamtazama Nereida juu mpaka chini. "Mwanamke akishindwa kumweka mume ndani, na vitu vyake hujifunza tabia."

Nereida alinyoosha mkono alifunike gauni. Nilimtazama Bi Obdulia. Hili ndilo alilolisubiri, nikadhani: sasa atasema haliuzwi, na wote tutakwenda nyumbani.

"Mama Eudelia," alisema Bi Obdulia kwa adabu ya kutisha. "Una watoto wangapi waliooa?"

"Watatu. Huyu wa nne."

"Mungu awakuze. Wote watatu wako na wake zao?"

Eudelia akarekebisha miwani. "Wawili wako."

"Na yule mwingine, mkewe alivaa gauni la mtu?"

"Jipya. Kutoka San Antonio."

"Jipya!" Bi Obdulia akapiga kofi moja, polisi aliyekuwa akinywa soda mlangoni akageuka. "Kutoka San Antonio! Kwa hiyo mkosi ulitoka wapi, mama? Kwenye mfuko wa plastiki?"

Yaretzi aliziba mdomo. Hata Eudelia alitikisika kidogo kabla hajakumbuka kununa.

"Nisikilize," Bi Obdulia akaendelea, na sauti yake sasa haikuwa ya mzaha. "Vitunguu nimevichambua mpaka mikono ikasahau harufu nyingine. Kilichooza nakijua hata kikiwa na ganda zuri. Gauni hili halijaoza. Na huyu," akamshika Nereida mkono, mara ya kwanza kumshika tangu tangazo, "huyu nimemlea mimi. Kama ana kosa, ni la kutoniuliza, na hilo ni langu kumchapa, si lako. La ndoa hana. Angelikuwa nalo angelisema mwenyewe, maana hajui kunyamaza."

Nereida aliinamisha uso.

Bi Obdulia akamgeukia Yaretzi. "Na wewe, mama wa gauni lako ni nani? Bibi harusi hajinunulii."

"Shangazi Hermila. Yuko ng'ambo ya mto, nje ya mpaka. Hana karatasi za kuvukia. Katuma pesa."

"Mpigie. Kwa picha."

Uso wa Hermila ulitokea kwenye simu, nywele zimefungwa kitambaa, nyuma yake jogoo akiwika. Bi Obdulia akaichukua simu na kuiweka mbali na macho yake kama kioo.

"Shoga, mimi ndiye mama wa gauni. Silikabidhi kwa binti, nakukabidhi wewe. Tazama mwenyewe." Akalifunua, akapitisha simu juu ya lesi, juu ya vifungo, mpaka kwenye pindo. "Hapa kuna doa. Ni mchuzi wa pilipili na chokoleti, ndoa ilikuwa nzuri siku hiyo, watu walikula. Umeliona?"

"Nimeliona, dada."

"Limetoka kwenye mikono inayosema kweli. Unalipokea?"

Hermila alijifuta jicho kwa pembe ya kitambaa. "Nalipokea. Ila vifungo, dada. Vifungo nani atamfunga?"

"Nitamfunga mimi, kwa mkono wako. Na wewe utakuwa kwenye simu umwambie unayotaka kumwambia. Nikimaliza kufunga nitatoka chumbani."

Eudelia alivua miwani. Akashika mkia wa gauni usiburure chini, na wanawake wote wakalibeba pamoja mpaka kwenye gari la pili, taratibu, kama watu wanaomhamisha mgonjwa. Yaretzi alimkumbatia Nereida, akamwachia unga begani.

Walipoondoka, joto la lami lilikuwa halivumiliki, na gari la Nereida, lililokaa juani muda wote, lilikuwa tanuri. Bi Obdulia akamwamuru aingie kwenye langu, lenye kiyoyozi. Tukabanana watatu kiti cha mbele, yeye katikati, mkoba magotini. Mimi nikajishughulisha na kioo cha pembeni.

"Alikuwa akikupiga?" Bi Obdulia aliuliza, akitazama mbele.

"Hapana, Mama."

"Ulevi?"

"Hapana. Tuliacha kuzungumza. Kwanza mezani, halafu kwenye gari, halafu popote. Siku moja nikamwuliza kama anataka kubaki, akasema hajui. Nikamwambia mimi najua."

"Kwa hiyo ni wewe uliyemaliza."

"Ni mimi."

Nereida angeweza kuliacha jambo lile Efrén alibebe, hasa baada ya kutetewa vile mbele ya watu. Hakuna ambaye angejua.

Bi Obdulia alipapasa kishikio cha mkoba. "Na mimi nimemwambia yule mwanamke huna kosa."

"Ulisema kama ningekuwa nalo ningesema mwenyewe. Ndiyo nasema."

"Mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Hukuniuliza, Mama. Kila nilipokuja uliniuliza kama nimekula."

Mwanamke yule mkongwe alifungua mkoba, akautazama ndani bila kutoa kitu, akaufunga. Kisha akamwegemea Nereida, bega kwa bega, kwa uzito wake wote.

"Basi anza mwanzo," alisema. "Na wewe kijana, usiondoe gari."