Pipa Nililoliziba Mwenyewe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyosifiwa na mtaa mzima. Nilikuwa kijana, fundi wa betri za magari hapa Buyenzi, na vita vilikuwa vimetufungia mji. Mabomba yalikuwa yakikauka wiki nzima, wakati mwingine mbili. Nilikuwa na pipa la chuma la kukingia mvua, nalo lilivuja kwenye maungio. Nikayeyusha risasi iliyomo ndani ya betri zilizokufa, yale madini laini ya kijivu, nikaliziba ndani na nje. Halikuvuja tena hata tone. Majirani walikuja kulitazama, nami nikavimba kichwa kana kwamba mvua yenyewe nimeileta mimi.

Sisi mafundi wa betri tulikuwa na desturi yetu. Jioni, baada ya kunawa kwa sabuni mara mbili, kila mmoja alikunywa kikombe cha maziwa, tukiamini kwamba yanatoa sumu ya kazi mwilini. Mimi nilikunywa changu nyumbani, mkekani. Binti yangu Zena, mtoto wa miaka minne, alikuwa akininyooshea mkono.

"Apana, mama," namwambia, "iyi ni dawa ya fundi."

Kisha namchotea maji ya pipani. Ngoja nipumue kidogo hapa, mwanangu.

Mke wangu Mariamu aliyachemsha maji yale kila asubuhi, kwa hiyo hatukuyatilia shaka. Zena akaanza kushika tumbo. Akakataa chakula, akapauka, hata choo akawa hapati. Nikanunua dawa ya minyoo. Baadaye maneno yakaanza kumpotea: kitu alichokitaja vizuri jana, leo anakionyesha kwa kidole tu. Tukasema milio ya bunduki imemshtua. Miaka ile vita vilikuwa jibu la kila kitu, na mtu mwenye jibu tayari haulizi tena.

Aliyeuliza ni Mama Furaha, muuguzi mstaafu, Mkongo aliyekuwa akiishi mtaa wa jirani, Bwiza. Mariamu ndiye aliyemwita. Alimtazama mtoto, akauliza tunakunywa maji gani, akaenda mwenyewe hadi kwenye pipa na kuchungulia.

"Nani aliziba umu ndani?"

"Ni mimi, Mama," nikajibu, bado nina majivuno.

"Bibi yako Mariamu anasema unakunywaka maziwa kila siku. Juu ya nini?"

"Inatoaka sumu ya betri mu mwili."

"Na sumu ya mutoto?"

Nikamtazama Zena, kisha pipa.

"Kuchemsha inaua vidudu," akaendelea polepole. "Iyi risasi inaingiaka mu maji, na haiko kidudu. Na ata iyo maziwa inakudanganya tu."

Hakupaza sauti. Afadhali angenizaba kofi.

Pipa tulilimwaga siku hiyohiyo, na mtoto tukampeleka hospitali. Tumbo lilitulia, lakini maneno hayakurudi yote. Mariamu hakunigombeza hata siku moja. Barabara ilipofunguka alimchukua Zena akaenda naye kwao Rumonge, akisema anakwenda kupumzika, na hawakurudi. Zena sasa ni mtu mzima. Kila Idi huletwa kunisalimia, anatabasamu, na akiulizwa mimi ni nani, anatafuta neno, analikosa. Nyumba hii ina vyumba vitatu, natumia kimoja. Upweke unaniuma, sikufichi.

Basi sikiliza. Usiyaamini maji kwa sababu ni meupe na hayanuki. Madini ya betri hayana harufu, na moto wa jikoni hauyaondoi. Chombo kilichoguswa na betri, rangi au dawa ya kiwandani kisiguse kinywa cha mtu. Kitu unachokinawa mikononi kwa hofu, jiulize kinaishia wapi baada ya hapo, na ni nani mwingine anayekipata. Mtoto akibadilika, mpeleke apimwe mapema, usimtafutie sababu ya kukutuliza moyo. Na watu wakikusifia kazi yako, siku hiyo ndiyo ya kuikagua mara ya pili.

Mungu akulindie watoto wako, mwanangu. Uzee ukukute wamekujaa nyumbani, wakikuita baba, baba, mpaka uchoke kuitika.