Mushipi ya Nyumba ya Papa Valère

Mu Butembo, kama unataka kujua nyumba ya mutu iko namna gani, usimuulize mwenye nyumba, atakudanganya. Umuite Katungu. Atafika na biatu yake ya bottes, atagonga ukuta na kidole, ataweka sikio, kisha atakuambia mambo yenye hukutaka kusikia. Iko mama ya miaka hamsini na mbili, fundi ya nyumba tangu baba yake alimupatia truelle ya kupaka simenti, na mudomo yake haina mulango.

Papa Valère ni mukubwa moja ya serikali, mutu ya Kananga, anatumika kule Kasindi. Alileta plan yake kwa karatasi: nyumba ya matofari, na mbele ya barza nguzo sita munene-munene, ili kila mutu mwenye anapita barabara ajue kama hapa kunalala mukubwa. Byuma yote alinunua ni ya ile nguzo.

"Nguzo itashika nini?" Katungu akauliza.

"Itashika heshima, mama."

Katungu akacheka mupaka akakaa juu ya mufuko ya simenti. Kisha akamuambia bila kuzunguka: huku kwetu udongo inatetemekaka. Bale banajifunza mambo ya udongo banasema inchi iko naachana polepole, toka Ruwenzori mupaka ziwa Édouard. Ikitikisika, kila ukuta inaenda njia yake, na dari inashuka katikati. Basi byuma inapashwa kuzunguka nyumba yote juu ya madirisha, ndani ya béton, ile simenti ya mawe, ukuta ine ifungwe pamoja.

"Nyumba bila mukanda, Papa, ni kama suruali bila mushipi. Siku ya kukimbia ndiyo utajua."

"Mama, hakuna mutu anapigaka mushipi picha. Weka byuma kwa nguzo. Nikikuta umetoa ata moja, utalala cachot, mu gereza."

Aka! Katungu alikasirika, mutu asikudanganye. Alikuwa anafikiri Elikia, kabinti ka Papa Valère, kenye kalikuwa kanacheza pale mu muchanga na mama yake Kapinga. Kitanda yake ingewekwa chini ya ukuta ya nyuma. Na Katungu alishaona ukuta kama ile imelala juu ya kitanda. Ilikuwa kitanda ya dada yake.

Basi mukubwa alikuwa anakuja samedi tu, mara moja kwa juma. Samedi ile Katungu akamuonyesha byuma imesimama sawasawa mahali ya nguzo, béton haijamwangiwa, mukubwa akatikisa kichwa, akarudi Kasindi. Lundi asubui, siku ya kazi, byuma ikatoka kwa nguzo, ikapanda juu ya madirisha, ikafungwa, ikamwangiwa béton. Na nguzo? Mianzi na matete, ya kusuka kama kitunga, na simenti kidogo inje, na rangi nyeupe. Ukiipiga, inalia kama ngoma. Kwa hiyo Katungu aliandika pale: "Rangi mbichi, usiguse." Ile rangi ilibaki mbichi miezi mbili.

Ikafika siku ya kubariki nyumba. Pastori alikuja, bajirani yote bakakuja, birai, ile biazi, na nyama ya mbuzi juu ya meza. Papa Valère akasimama kwa barza na suti yake, akaanza kusifu nguzo. Katungu alikuwa nyuma ya kwaya, jasho inamutoka. Mukubwa akainua mukono juu apige nguzo, batu basikie vile iko nguvu.

Mukono haijafika, udongo ikapiga kwanza.

Masahani ikaruka. Pastori akapita juu ya meza. "Mukuje huku wazi! Mubaki mbali na ukuta!" Katungu akaita kwa nguvu. Nguzo ya tatu ikainama, ikamulalia Papa Valère kwa shingo.

"Mama weee, amekufa!" kwaya ikapiga kelele.

Udongo ikatulia. Papa Valère akasimama, mweupe toka kichwa mupaka biatu, nguzo muzima mu mikono kama mutu mwenye amebeba mukeka. Akaangalia ndani yake. Mianzi.

"Mwizi! Byuma yangu iko wapi?"

Katungu akaonyesha nyumba tu na kidole.

Kapinga alikuwa amekimbilia ndani, kule mutoto alikuwa analala. Akatoka amebeba Elikia, kenye kalikuwa kanajipangusa macho na kuuliza sababu gani bamekaamusha. Nyuma yao ukuta yote ine ilisimama, bila ufa. Ngambo ya njia, nyumba ya jirani ilikuwa imefunguka kwa pembe, unaona kitanda ya batu, matofari juu yake. Kapinga akaangalia ile kitanda, kisha shingo ya bwana yake.

"Valère, kama huyu mama angekusikiliza, leo nazika babili, wewe na mutoto."

Papa Valère akaweka mianzi chini polepole, akakaa. Neno ya cachot hakuirudilia tena.

Sasa ukienda kumutembelea, hatakupatia kiti kwanza. Atakushika mukono, atapiga juu ya dirisha na kiganja. "Hapa kuko mushipi. Mimi ndiye nilimulazimisha ule mama! Yeye alitaka kuweka byuma yote kwa nguzo!"

Siku Katungu alisikia ivo, kidogo amutupie truelle. Lakini bajirani batatu balikuwa pale, na bote batatu bakasema nabo banataka mushipi kama ya mukubwa. Akameza hasira yake na chai.

"Ndiyo, patron, ulinisumbua sana," akasema, na akaenda kukunja byuma ya bajirani.