Kuchagua Taa ya Sagaa

Mama alipofika Richardson, Texas, alikuwa na masanduku mawili na hamu ya kula ya mtu mzima. Masanduku bado yapo. Hamu ya kula iliisha kabla ya Krismasi.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tulimuuliza uji, wali, supu ya mifupa, viazi vya kuponda, hata pizza. Kila sahani alionja vijiko viwili, akashukuru kwa heshima kama mgeni, akarudi kulala. Daktari alipima damu, akapima moyo, akapima kila kitu isipokuwa upweke, kisha akatutangazia kwa furaha kwamba mama hana ugonjwa wowote. Mama mwenyewe alikuwa na maelezo mafupi zaidi. Alisema huku hakuna chakula, kuna vitu vya kutafuna tu. Alitaka sagaa.

Sagaa ni mboga ya majani, chungu kwelikweli, na wengine huiita mgagani. Kwetu Kitale mwanamke akijifungua hupewa sagaa arudishe damu, na mzee akikosa hamu ya kula hupewa sagaa iliyolala kwenye maziwa. Kila jani lake limegawanyika vidole vitano vilivyotanuka. Naomba msomaji avikumbuke hivyo vidole vitano, maana dada yangu alivisahau.

Huyo dada ni muuguzi na anaishi Stafford, karibu na Houston. Mwezi wa Januari alinipigia simu kunieleza kwamba mama amemwomba amtafutie tiketi ya kurudi Kenya. Nyumbani kwenyewe hakuna mtu. Baba tulishamzika, na nyumba inalindwa na kufuli. Yaani mama wa miaka sabini na sita aende akaishi na kufuli, kwa sababu watoto wake wawili wenye digrii wameshindwa kumtafutia mboga. Niliogopa sana. Na kama wanaume wengi wa umri wangu, nilipoogopa niliingia mtandaoni kununua kifaa.

Mbegu nilizipata kwa mama mmoja wa kanisani, anayeishi Mansfield, ambaye hupanda sagaa nyuma ya nyumba yake wakati wa joto. Januari hapo nyuma ya nyumba kulikuwa na barafu, lakini mbegu alikuwa amezifunga kwenye karatasi ya shashi kama dawa ya mitishamba. Mimi sina nyuma ya nyumba. Nina fleti yenye baraza linaloangalia kaskazini, na barua ya wenye nyumba inayokataza kuweka chungu chochote barazani. Kilichobaki ni kabati la nguo chumbani kwa mama, lile la ukutani ambalo mtu anaingia na kusimama. Huko jua halijawahi kufika tangu nyumba ijengwe, kwa hiyo nikahitaji taa.

Taa ya kwanza ilikuwa ya zambarau. Kwenye boksi waliandika wati elfu moja, na watu mia tatu wakaisifu mtandaoni kwa maneno yaleyale. Nilipoichomeka kwenye kidude cha kupimia umeme, ilikula wati mia moja kasoro. Hata binamu zangu wakisimulia mishahara yao hawaongezi chumvi namna hiyo. Chumba kizima kikawa zambarau, dirisha zambarau, mama mwenyewe zambarau. Aliniuliza kwa upole kama nimefungua baa. Miche ilirefuka, ikawa myembamba kama uzi, kisha ikalala chini na haikuamka.

Ndipo nikaenda kwenye duka la vifaa vya kilimo cha ndani, pembeni mwa barabara kuu. Kuuliza si ujinga. Mbele yangu kulikuwa na wateja watatu, watu wazima, macho mekundu, na wote walisema wanapanda nyanya. Mmoja wao alitaka taa, feni, chujio la kuondoa harufu na hema jeusi lisilopitisha mwanga, vyote kwa ajili ya nyanya. Nilijiuliza nyanya zote hizi za Texas zinaliwa na nani. Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba katika jimbo ambalo bangi ni haramu, duka kama lile huongea kwa mafumbo, na nyanya ndilo fumbo lenyewe.

Zamu yangu ilipofika nikasema ukweli. Nilisema napanda mboga, kabatini. Muuzaji, mzee wa kofia aliyekuwa na ndevu nyeupe mpaka kifuani, alitabasamu na kusema bila shaka, mboga. Akauliza ni aina gani. Nikamwambia sagaa. Akasema hiyo hajawahi kuisikia, je, ina nguvu? Nikamwambia ina nguvu sana: inarudisha hamu ya kula, inaongeza damu, na ukiila jioni unalala vizuri. Akaniuliza ni ya nani. Nikamjibu kwamba ni ya mama yangu, hali chakula, na nisipoipata ataniacha.

Mzee yule alivua kofia. Alinisimulia kwamba mama yake pia, siku zake za mwisho, alikula kwa sababu ya mboga tu, na kwamba asiyejua atajua siku ikimfika. Halafu akaanza kunichagulia taa kana kwamba mgonjwa ni wake.

Alikataa kuniuzia ile ya gesi ya sodiamu, akasema inawaka moto kama kikaango na kwenye kabati la nguo itanichomea nyumba. Ya zambarau aliicheka. Alinishushia bapa la taa za LED, mwanga mweupe kama jua la saa nne asubuhi, lenye kitufe cha kupunguza na kuongeza. Alinifundisha nisiamini namba kubwa ya kwenye boksi, niulize taa inakula umeme kiasi gani ukutani. Niitundike kwa kamba nusu mita juu ya majani, niipandishe mimea ikipanda. Mwisho akanipa saa ya kuwasha na kuzima taa, ya kwake mwenyewe, aliyoitoa chini ya meza. Saa kumi na nane za mwanga mpaka mimea ifike magotini, kisha nipunguze ziwe kumi na mbili. Bila hivyo, alisema, sitapata maua.

Mimi nilitaka majani. Lakini mtu mwenye ndevu nyeupe akikueleza jambo kwa uhakika wote ule, unaitikia kwa kichwa tu. Alinishika bega wakati naondoka, na nusura nilie katikati ya mifuko ya mbolea. Mpaka leo sijapata ujasiri wa kurudi kumweleza kwamba ilikuwa mboga kweli.

Sagaa ilikubali. Mabeseni manne yalijaa, yakafika magotini, nami kama mwanafunzi mtiifu nikageuza saa. Baada ya wiki mbili kabati lilikuwa limechanua maua meupe kila mahali, na majani yamekuwa madogo na magumu. Mimi, mkulima mkubwa, nikapiga picha nikaituma kwenye kundi la familia. Kundi ambalo halijawahi kupitisha asubuhi bila sala na picha ya waridi lilijibu kwa sala tu, bila waridi. Kisha dada akapiga simu. Alisema anakuja Jumamosi kumchukua mama, na tiketi ameshapata.

Ijumaa asubuhi nilisikia mtu anafoka chumbani kwa mama. Nilikuwa sijasikia sauti ile tangu niwe darasa la saba. Mama alikuwa amesimama ndani ya kabati, leso kiunoni, bila kushikwa na mtu.

"Baba," aliniita, kwa sababu nina jina la baba yake, "nani alikufundisha kuacha sagaa ichanue?"

Nilijaribu kumweleza habari za saa kumi na mbili za mwanga. Aliuliza ni mpumbavu gani huyo anayezima jua mchana. Alivunja maua moja baada ya jingine, akinitukana kwa utaratibu, akaniamuru nigeuze saa irudi ilivyokuwa. Beseni moja aliliacha lichanue likomae mbegu. Majani aliyachuma, akayachemsha mwenyewe, akayamwagia maziwa, akayafunika yalale mpaka kesho yake. Mimi nilisimama pale nikitukanwa, na sikumbuki siku nyingine niliyofurahi kiasi hicho Marekani.

Jumamosi dada aliingia bila kuvua koti. Mama alikuwa jikoni mbele ya ugali na bakuli. Dada alipita moja kwa moja mpaka kabatini, akanusa, akaona vile vidole vitano, akanigeukia.

"Bro, serious? Ume-grow bangi kwa closet ya mum? Unajua mimi niko na license ya nursing?"

Dada yangu huyu alipalilia sagaa Kitale kila likizo ya Aprili, akilia. Miaka ishirini na mitano ya Texas imemfundisha kuitambua bangi ambayo hajawahi kuiona, na kuisahau mboga iliyomlea. Kabla sijamjibu, mama alitokea nyuma yake akiwa na bakuli.

"Fungua mdomo," alimwambia.

Mwanamke wa miaka hamsini, anayesimamia wodi nzima, akafungua mdomo. Alitafuna. Alikaa kwenye kitanda cha mama na koti lake, akaendelea kutafuna na machozi yakimtoka, akasema tu kwamba ni chungu. Mama akamwambia ndiyo, na bakuli ni lake, amalize.

Habari ya tiketi mama aliimaliza mwenyewe. Alisema ataenda, neno lake ni lilelile, ila hawezi kuacha shamba katikati. Ataenda siku sagaa yote itakapokuwa imekomaa na kuliwa. Dada alisogeza tarehe.

Tangu hapo nimekuwa mjanja. Sipandi mabeseni yote kwa pamoja. Napanda moja leo, jingine baada ya wiki mbili, ili isifike siku ambayo yote yamekomaa. Nafanya hivyo mama akiwa bafuni, na nimekuwa nikijisifu kwamba hajui. Mabeseni yangu ni manne.

Jumapili iliyopita niliingia kumwagilia nikahesabu matano. La tano ni lile la kuoshea miguu yake. Limejazwa udongo, mbegu zimefunikwa kidogo kama inavyotakiwa, na bapa la taa limeshushwa upande mmoja ili mwanga ufike huko pia.