Mitambo Mitatu na Panga Moja

Nyumbani kwetu mimi ndiye msomi, kwa hiyo migomba ya mama ilipoanza kunyauka kule Sironga, nilipigiwa simu mimi, si bwana shamba. Majani yaligeuka manjano, ndizi zikawa zinaiva kabla ya kukomaa, na ukizipasua ndani zimeoza. Mama alitaka kujua jambo moja tu: afanye nini kabla shamba lote halijakwisha. Ndilo linalomlisha.

Mtu wa kawaida angeuliza mtandaoni mara moja, akajibiwa, akampigia mama yake. Mimi tena, na digrii yangu! Nilijifungia chumbani kwangu mjini, mtaa wa Nyanchwa, nikafungua mitambo mitatu ya kutafutia habari nione upi una faida zaidi, nikachora jedwali: kasi, matangazo, ukweli.

Wa kwanza ulijibu upesi, ila juu ya jibu palikuwa na tangazo la mafuta ya nywele, nikaupunguzia alama kwa utovu wa adabu. Wa pili ulidhani niko Kampala. Wa tatu, ule unaojisifu kwamba haumfuatilii mtu, kweli haukunifuatilia: niliuliza ugonjwa wa migomba, ukanipa mapishi ya keki. Nikaona utafiti unanoga. Nikarudia kwa Kiingereza, nikarudia kwa Kiswahili, siku tatu nzima, nikisahihisha kama mtahini wa taifa.

Siku ya pili mama alipiga. "Baba, umepata?"

"Bado nalinganisha, mama."

"Unalinganisha nini?"

Nikamweleza habari za mitambo. Akasema akina mama wenzake wa kikundi cha kulimiana wangekuja kesho yake kumsaidia kukata migomba iliyougua. Nikamwambia waje tu, jibu langu litafuata. Haraka haraka haina baraka, nikamwongezea, maana kwa kila uvivu wangu ninayo methali.

Baadaye nilifika Sironga na karatasi yangu, nimempigia mshindi mstari mwekundu. Ulikuwa ule mtambo wa kwanza, pamoja na mafuta yake ya nywele. Mama akanimiminia chai.

"Huo ulisemaje?"

Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: kata mgomba mgonjwa, na kabla ya kugusa mwingine, choma panga motoni, kwani panga ndilo linalobeba ugonjwa.

Mama aliweka birika chini, akanieleza yaliyotokea. Kikundi kilikuja na panga moja, lile kali la jirani, wakapokezana. Walipomaliza kwake hawakurudi nyumbani. Desturi yao ni kuzunguka. Wakaenda kwa mwenye panga, wakaenda na kwa wa tatu, na huko walipunguza majani ya migomba iliyokuwa mizima kabisa. Siku ya Sabato mama atakaa nao benchi moja kanisani.

"Hilo la moto ulilijua lini?" akaniuliza.

Nikatazama jedwali langu, pale kwenye kasi, nilipokuwa nimeupa mtambo huo alama zote.

"Siku ya kwanza, mama."