Sanda ya Mama Kulthumu

Ijulikane kwa watu wote wa mwambao wa ziwa, kutoka Kabezi na Muhuta hadi Rumonge, kwamba kitambaa cha Abasi bin Amissi ni pamba ya nchi hii, iliyosokotwa na kufumwa na mikono ya nchi hii, chini ya amani ya Kaiser; na kila mwenye akili aige mfano huo.

Tangazo lilisomwa sokoni mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu walikuwa wakipimiana mawese. Abasi alisimamishwa mbele, kanzu imefuliwa, akitazama vidole vya miguu yake. Kulikuwa na kosa dogo kuhusu pamba, na jingine kuhusu kusokota. Kufuma kulikuwa kweli.

Babu yake alivuka ziwa kutoka upande wa Uvira na kitanda kimoja cha kufumia. Baba yake, Amissi, alivifikisha sita chini ya banda moja, shamba la pamba nyuma yake, na mkewe Kulthumu akasimamia wanawake kumi wa kusokota. Nyumba ikaitwa kwa Wenye Vitanda, na bwana harusi aliyetaka kuheshimika aliagiza nguo huko. Kisha merikani, nguo ya kiwandani, ikajaa madukani, nyeupe na rahisi. Wasokotaji wakahamia kwenye mawese, ambako angalau mikono hulainika. Amissi akafa. Vitanda vitano vikawa kuni, vikaivisha maharage.

Kulthumu, macho yakiwa yamekwisha, aliomba jambo moja tu: azikwe kwa sanda ya nyumba yake. Abasi akaapa. Kitanda kilikuwapo, uzi haukuwapo. Shambani ilibaki miche michache ambayo hata mbuzi waliidharau. Basi alinunua merikani, akafunga mlango wa banda, akaifumua uzi mmoja mmoja kwa wiki tatu, akaifuma upya. Muhuri wa buluu wa kiwandani ulitawanyika ukawa vidoa.

Ofisa mmoja wa Kidachi, aliyekuwa akipita kukagua mashamba, aliikuta kitandani.

"Pamba ya nani?"

"Yetu, bwana."

"Na vidoa hivi?"

Abasi alitazama ziwa. "Nakshi ya ukoo."

Ofisa akaandika. Hivyo ndivyo tangazo lilivyozaliwa.

Watu walipotawanyika sokoni, jirani yake Chausiku alimpigia kelele kutoka kwenye mitungi yake ya mawese: "Eh, Abasi! Shamba lako siku hizi linazaa nguo? Nipe mbegu, nami nipande kanzu ya mume wangu!"

Kicheko kilimsindikiza mpaka mlangoni. Mama yake alikuwa ameketi mkekani. Habari ilikwisha kumfikia.

"Wanasema umepata sifa kwa Wadachi. Lete niguse."

Akaileta. Vidole vya Kulthumu vilipita juu ya kitambaa polepole, vikarudi, vikapita tena.

"Haina vifundo," alisema. "Sisi wasokotaji, kila mutu alikuwa na vifundo vyake. Vya Mwanvua nilivijua, vyangu nilivijua. Huu uzi alisokota nani?"

"Watu wa mbali, mama."

"Wa wapi?"

"Sijui."

Abasi alingoja matusi, na angeyapokea kwa shukrani.

"Lakini umefuma wewe?"

"Mimi, mama."

"Iko imekaza vizuri. Baba yako asingepata la kusema." Akaikunja magotini. "Nitaivaa, mutoto wangu. Ila usiniambie tena kwamba ni yetu."

"Niliwaambia Wadachi tu."

"Na mimi umeniacha nizisikie sifa kwa jirani."

Kulthumu alifariki mwezi wa Rajabu. Abasi aliikunja sanda mwenyewe, vidoa vya buluu vikiangalia ndani. Waoshaji waliomba pamba ya kumwekea marehemu, kama ilivyo desturi, naye akaenda nyuma ya banda kuichuma. Ilipatikana kiganja kimoja, nayo haikuhitaji kusokotwa.